Kamera mpya ya hadubini: picha nyeusi, mistari, na namba zisizokubaliana

Kiini_Kijani

Habari zenu wakuu,

Naombeni msaada, hii ni wiki ya pili nimekwama. Nimekabidhiwa kamera ya kisayansi iliyofungwa juu ya hadubini ya fluresensi, ile inayoonyesha seli zilizotiwa rangi zinazong'aa zikimulikwa. Ni ya nyeusi na nyeupe, sensa ya CMOS yenye pikseli 2048 kwa 2048, kila pikseli mikromita 6.5, ina kipozeo ndani na inaunganishwa kwa USB 3. Aliyekuwa akiitumia amehama, mimi nikarithi karatasi moja iliyobandikwa mezani: "biti 12, milisekunde 45, lenzi ya 40x." Nimefuata hivyo hivyo.

Kwenye programu ya kamera naziona seli zangu vizuri, lakini nikihifadhi TIFF na kuifungua kwenye kompyuta nyingine inakuwa nyeusi tii. Halafu kuna mistari hafifu ya mlalo ambayo haikai mahali pamoja, kila picha imehama. Kuna na nukta nyeupe zinazobaki palepale hata nikibadilisha slaidi.

Linaloniumiza zaidi ni namba. Seli zisizo na dawa zinanipa wastani wa 160, zenye dawa 220. Nikaandika kwamba mng'ao umeongezeka kwa asilimia 38 hivi. Mwenzangu amepima slaidi zilezile kwa kamera nyingine, kapata karibu mara mbili. Mmoja wetu amekosea na nahisi ni mimi, ila sijui wapi.

Pikseli_Moja

Pole dada. La picha nyeusi lisikutishe, data yako ipo salama.

Kamera ya biti 12 inahesabu kutoka 0 hadi 4095, lakini faili la TIFF linahifadhiwa kwenye nafasi ya biti 16, yaani 0 hadi 65535. Programu ya kawaida ya kutazama picha inadhani nyeupe ni 65535. Seli yako yenye 220 kwa macho yake ni giza tu. Programu ya kamera inakuonyesha vizuri kwa sababu inanyoosha mwangaza wa kioo yenyewe, bila kugusa namba zilizo ndani.

Fungua kwa ImageJ au Fiji, programu za kuchambua picha za kisayansi, nenda kwenye dirisha la mwangaza na kontrasti, ubonyeze Auto. Utaziona. Ila usibonyeze Apply kwenye picha unayotaka kuipima, hiyo inabadilisha namba zenyewe. Na usihifadhi JPEG kwa ajili ya vipimo, hata kwa haraka.

FundiHadubini

Dada Kiini_Kijani, karibu. Naanza na la namba, kwa sababu hayo mengine yanaudhi lakini hili linapotosha matokeo.

Kamera yako haianzii sifuri. Ukiifunika kabisa isipate hata chembe ya mwanga, bado itakuandikia namba, na kwa kamera nyingi za aina hiyo ni karibu na 100. Imewekwa makusudi. Chenga za usomaji, yaani kuyumba kidogo kwa namba kila sensa inaposomwa, hupanda na kushuka, na kama msingi ungekuwa 0 kamili, zile zinazoshuka zingekatwa na wastani wako ungeharibika. Kwa hiyo mtengenezaji anainua sakafu kidogo ili chenga zote ziwe na nafasi.

Sasa hiyo 100 imo ndani ya 160 yako, na imo ndani ya 220 yako vilevile. Ni kama kupima poda kwenye mizani bila kutoa uzito wa bakuli. Itoe: zinabaki 60 na 120. Mwenzako hakukosea.

Nakuandikia haya kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili kwenye kazi hii nilipiga picha za miezi mitatu za vipande vya tishu. Katikati ya kazi, mtu mmoja alibadilisha hali ya kamera kutoka biti 12 kwenda biti 16 kwa ajili ya slaidi zake, hakuirudisha, na mimi sikuangalia. Sakafu ilibadilika, na thamani ya kila namba ilibadilika. Sikuwa na picha hata moja ya giza ya siku zile ambayo ingeniwezesha kuzirekebisha. Picha zote za miezi ile mitatu tulizitupa. Zile tishu hazikuweza kupatikana tena.

Tangu siku hiyo, kabla sijaweka slaidi, napiga picha 20 za giza. Nafunga mlango wa taa ya hadubini, nasukuma wenzo wa kugawa mwanga upande wa macho, na siku nikiwa na shaka naivua kamera nzima na kuifunga kifuniko chake mdomoni. Muda wa kupokea mwanga unakuwa uleule nitakaoutumia kwenye sampuli. Wastani wake nauandika kwenye daftari pamoja na tarehe, hali ya biti, joto la sensa na muda. Zinaniondokea dakika tano. Daftari hilo nalithamini kuliko kamera yenyewe.

Kwenye kupima seli, ongeza hatua moja. Usitoe 100 tu, toa wastani wa eneo tupu lililo ndani ya picha ileile, karibu na seli. Eneo hilo limebeba sakafu ya kamera pamoja na mwanga wa maji ya slaidi na mwanga wowote uliovuja. Picha ya giza inakueleza habari za kamera, eneo tupu linakueleza habari za picha hiyo.

Nukta nyeupe: hizo ni pikseli zenye joto. Kila sensa inazo. Silikoni huachia elektroni zenyewe kwa sababu ya joto hata gizani, na baadhi ya pikseli huachia nyingi kuliko jirani zao. Kushuka kwa nyuzi 6 au 7 hivi za Selsiasi kunapunguza elektroni hizo kwa karibu nusu, kwa hiyo ukishuka nyuzi 20 inabaki kama sehemu moja ya nane. Je, kipozeo umekiwasha? Kwenye programu nyingi hakijiwashi. Kiwashe, usubiri namba ya joto itulie. Mimi husubiri nusu saa. Usichague baridi kali kuliko zote inayoweza kuifikia asubuhi chumba kikiwa kimepoa, maana mchana itashindwa kuishikilia na sakafu itaanza kuhama. Chagua ambayo itaishikilia siku nzima. Na matundu ya feni yasizibwe na ukuta wala karatasi. Nukta zitakazobaki zinaondoka ukitoa wastani wa zile picha 20 za giza.

Mistari: badilisha 45 iwe 50, usiguse kitu kingine, halafu uniambie.

Kiini_Kijani

Mwalimu FundiHadubini, nimerudi kutoka maabara.

Kipozeo kilikuwa hakijawashwa. Wiki mbili nzima! Nimekiweka hasi 10, kimetulia baada ya dakika kama 20, na nukta nyingi zimepotea. Picha za giza zinanipa wastani wa 100.3.

Nimezirudia picha za zamani. Eneo tupu lilikuwa 104. Kwa hiyo 160 inakuwa 56, na 220 inakuwa 116. Ni zaidi kidogo ya mara mbili. Nimempigia mwenzangu simu palepale.

Na nilipoweka 50 mistari imetoweka! Kwa nini milisekunde 5 tu zilete tofauti hiyo?

Ila picha bado zina chenga sana. Na nimeona pembe za picha zina giza kuliko katikati, hata mahali ambapo seli zinafanana.

FundiHadubini

Nimefurahi sana, hasa hilo la kumpigia mwenzako.

Mistari ilitoka kwenye taa za chumba. Sensa yako haisomi pikseli zote kwa mara moja, inakwenda safu kwa safu, na kila safu inaanza na kumaliza kuchelewa kidogo baada ya iliyotangulia. Taa nyingi za umeme huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wa hezi 50, au mara 120 kwenye hezi 60. Kwa milisekunde 45 kwenye hezi 50, safu moja inapata mapigo manne na nusu ya mwanga, na pale ilipoanzia panaamua kama imepata nusu ile yenye mwanga au yenye giza. Ndiyo mistari yako. Kwa 50, kila safu inapata mapigo 5 kamili, au 6 kamili kwenye hezi 60, basi zinalingana.

Lakini mistari kupotea si kwamba mwanga wa chumba umeacha kuingia. Umesawazishwa tu. Unapita kwenye lenzi za macho, unashuka ndani ya mirija, unarudi hadi kwenye kamera. Zifunike kwa kitambaa cheusi, zima taa za chumba, kisha pima eneo tupu upya. Kama mistari ingebaki hata gizani, ningeshuku taa ya hadubini yenyewe, maana baadhi ya taa za LED hupunguzwa mwangaza kwa kuwashwa na kuzimwa haraka haraka.

Chenga sasa. Hapa tafadhali kaa kidogo na hesabu, zitakusaidia miaka yote. Chukua picha mbili za mwanga uleule, zilizotulia, zisizo na pikseli iliyojaa. Chukua eneo la katikati. Tafuta wastani wake na utoe sakafu. Kisha toa picha moja kwenye nyingine, tafuta varianzi (kipimo cha mtawanyiko wa namba) ya tofauti hiyo, uigawe kwa 2. Gawanya ule wastani kwa hiyo varianzi. Jibu ni idadi ya elektroni zinazowakilishwa na namba moja. Tuseme wastani bila sakafu ni 2000 na varianzi ni 4000: namba moja ni nusu elektroni.

Kama yako ni hivyo, seli yenye 56 ni elektroni 28 tu kwa kila pikseli. Mwanga unafika kwa fotoni moja moja, na kutotulia kwake ni kipeuo cha pili cha idadi. Kipeuo cha 28 ni 5.3, yaani karibu asilimia 19. Hizo chenga si ubovu wa kamera, ni uhaba wa mwanga. Kila pikseli ni kibaba, na chako kina tone chini. Peleka muda hadi milisekunde 200: elektroni zinakuwa kama 124, kutotulia 11, sasa ni asilimia 9. Na 200 bado inagawanyika sawasawa kwa mapigo ya taa.

Usiende tu kuongeza ukomo. Rangi zinachujuka kadiri unavyozimulika. Piga picha 10 mfululizo za sehemu moja uone kama namba zinashuka. Zikishuka sana, punguza taa. Na ukishachagua muda, zenye dawa na zisizo na dawa zipigwe kwa muda huohuo, kila kitu cha otomatiki kikiwa kimezimwa.

Lenzi_Ishirini

Niongezee kidogo kwenye zile pembe za giza, mwalimu akiniruhusu.

Ni mwanga wa hadubini kutosambaa sawa. Kwanza irekebishe taa yenyewe iwe katikati, kompyuta ije baadaye. Kisha weka slaidi inayong'aa sawa kila mahali, piga picha 20 huku ukiisogeza kidogo kidogo ili vumbi la slaidi lisijichore, tafuta wastani wake, toa giza. Picha yako ya seli nayo itolewe giza, igawanywe kwa hiyo, halafu izidishwe kwa wastani wake. Kila lenzi na kila kichujio cha rangi kinataka picha yake. Ya kijani usiitumie kwa nyekundu, mimi nilijaribu na pembe zikageuka kuwa angavu kuliko katikati.

Kingine, angalia kiunganishi kati ya hadubini na kamera kama kimeandikwa 1x au 0.5x. Kwa 1x na lenzi ya 40x, pikseli yako ya mikromita 6.5 inafunika nanomita 162 za sampuli. Kama upenyo (NA, namba inayoonyesha jinsi lenzi inavyokusanya mwanga) ulioandikwa ubavuni mwa lenzi ni 0.95, kwa mwanga wa kijani wa nanomita 520 lenzi inatenganisha hadi kama nanomita 334, na unahitaji angalau pikseli mbili ndani ya umbali huo. Umepona, kwa nafasi ndogo sana. Kiunganishi cha 0.5x kingekupotezea nusu ya hiyo.

Kiini_Kijani

Kiunganishi ni 1x, na lenzi ni 0.95. Asante dada Lenzi_Ishirini.

Nimefunika lenzi za macho na kuzima taa: eneo tupu limeshuka kutoka 104 hadi 101, hapohapo kwa milisekunde 50. Nimepima pia namba moja ni elektroni ngapi, mara tatu, nimepata 0.47, 0.46 na 0.47. Kwa milisekunde 200 na taa kupunguzwa kidogo, picha ya kumi imeshuka kwa asilimia 2 tu kutoka ya kwanza, na chenga zimepungua kiasi kwamba naona utando wa kiini ambao sikujua kama upo kwenye slaidi hizi.

Kesho narudia sampuli zote kuanzia ya kwanza. Ile karatasi ya mezani nimeibandua, mahali pake nimeweka daftari. Ukurasa wa kwanza: biti 12, hasi 10, milisekunde 200, giza 100.3.