Siku 11 intaneti ya faiba imekufa, mwezi mzima nimedaiwa. Hii ni halali?

Steshenari Kimara: Wakuu, tujadili hili. Nina steshenari, nachapa na kujazia watu maombi. Mwezi uliopita taa ya LOS kwenye ruta iliwaka nyekundu siku 11. Kila nikipiga simu, "fundi yuko njiani." Siku ya sita ikaja meseji: tatizo lako limetatuliwa. Natazama ruta, taa nyekundu vilevile! Kwenye benchi wamekaa vijana wa maombi ya mkopo wa chuo, mmoja kashika cheti cha kuzaliwa ndani ya bahasha ya kaki. Nikawapeleka mwenyewe kwa jirani. Tarehe 1 nadaiwa mwezi mzima. Kwa nini kampuni zisilazimishwe kurudisha siku zilizopotea?

Mzaramo wa Mbagala: Mkuu, umesahau nyaya za baharini zilivyokatika? Ilikuwa 2024, Februari kama sikosei. Nchi nzima tulikwama. Kampuni ikulipe kwa ajili ya bahari?

Nguzo ya Pili: Februari ilikuwa Bahari Nyekundu. Iliyotukwamisha sisi ni ya Mei 12, nyaya za EASSy na Seacom kwa mpigo, huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Na LOS nyekundu haihusiani na bahari. Maana yake mwanga haufiki kwenye ruta: uzi umekatika au umepinda, mara nyingi hapo hapo mtaani. Ni kazi ya fundi mwenye ngazi.

Mzaramo wa Mbagala: Haya, nimekubali. Ila ugonjwa wenyewe ni hao mabinti wa huduma kwa wateja. Wanajua "samahani kwa usumbufu" basi. Wameajiriwa kwa sura.

Dada wa Simu: Kaka, kwenye simu sura unaionea wapi? Kiti hicho nimekikalia miaka mitatu. Kompyuta inanionyesha jina lako, kifurushi chako na kitufe cha kutuma taarifa kwa mafundi. Namba ya fundi sina. Nikichelewa na wewe, msimamizi yuko mgongoni. Nimeporomoshewa matusi ya nguoni saa mbili asubuhi, nikajibu "asante kwa kupiga."

Mzaramo wa Mbagala: Pole, lakini si ulikuwa unalipwa?

Dada wa Simu: Nililipwa kupokea simu. Sikulipwa kutukaniwa mama.

Mama Wawili: Mbagala, hapo umekosea. Muombe radhi mtoto wa watu.

Mzaramo wa Mbagala: Mimi sikumtukana mtu mama yake! Msinibebeshe ya wengine.

Steshenari Kimara: Jamani, na mimi? Nani alifunga malalamiko yangu siku ya sita?

Dada wa Simu: Kwetu walifunga mafundi wa mkandarasi, maana walilipwa kwa idadi ya kazi zilizofungwa. Ikifungwa, usifungue malalamiko mapya, siku zitahesabiwa upya. Taja namba ileile ya malalamiko, dai yafunguliwe tena. Piga picha taa, saa ionekane. Wakinyamaza nenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ila huko wataanza kukuuliza kama kampuni ulishailalamikia.

Steshenari Kimara: Namba niliiandika nyuma ya daftari la madeni. Picha ndiyo sikupiga, dada.

Nguzo ya Pili: Peleka hivyo hivyo, na ile meseji ya siku ya sita. Aprili 2021 bei mpya za bando zilisitishwa kwa sababu watu walipiga kelele. Huyu wa faiba analia peke yake dukani kwake, nani atamsikia?

Mama Wawili: Tusiruke. Mbagala, radhi.

Mzaramo wa Mbagala: Dada, la sura nalifuta, nisamehe. La "samahani kwa usumbufu" silifuti, linaumiza mtu akiwa na shida.

Dada wa Simu: Yameisha, kaka. Hilo hata mimi lilinichosha. Lilichapwa kwenye karatasi, likabandikwa pembeni ya kompyuta, na asiyelisema alikatwa alama.