Kidato cha tatu wasome ipi: Kaizari, Kinjeketile au Kivuli Kinaishi?

Mwalimu, Wete

Assalaam alaykum jamani. Skuli yetu inatafuta tamthiliya moja ya kidato cha tatu, isomwe muhula mzima kisha ichezwe siku ya wazazi. Walimu tumegawika. Wapo wanaotaka Juliasi Kaizari ya Shakespeare, aliyoifasiri Nyerere mwaka 1963 na kuirekebisha 1969. Mmoja kang'ang'ania Kivuli Kinaishi ya Said Ahmed Mohamed, kwa kuwa mwandishi ni Mzanzibari mwenzetu.

Miye nishachagua: Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Simkatai Nyerere. Hotuba ya Antoni mbele ya maiti ya Kaizari ni somo zima la namna ya kuwageuza watu huku ukijidai huna nia. Lakini darasani kwangu wasichana ndio wengi, na Kaizari ina wanawake wawili tu, wake wa wakubwa, wanaosema na wasisikilizwe. Waliobaki niwafanye nini, wote wawe umma wa Roma?

Kinjeketile inafunguliwa na wanawake wawili na njaa yao. Juzi nilimpa msichana mmoja sehemu ya Bi Kitunda, mmoja wa wanawake hao, kitabu kimoja watu watano. Alianza kwa sauti ya kusomea mtihani. Katikati akaacha, akatia mkono kiunoni, akaendelea kwa Kipemba kitupu kama yuko uani kwao. Darasa zima likaangua kicheko, kisha likanyamaza, maana yanayosemwa pale si ya kuchekesha: waume wanatumikishwa kwenye pamba ya Mjerumani, nyumbani hamna kitu.

Mzazi, Mkoani

Waalaykum salaam mwalimu. Nami nna mtoto kidato hichohicho. Kaizari sina ugomvi nayo, wala huyo Kinjeketile, ila hiyo Kivuli Kinaishi, ya Giningi, nchi ya wachawi, tafadhali iacheni. Sisi tukivuka tu kwenda Unguja tunaulizwa kama tumekuja na ungo. Leo skuli yenyewe iwavishe watoto uchawi mbele ya wazee wao?

Mwanafunzi wa zamani, Unguja Mjini

Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, Giningi ile haiwasemi Wapemba. Bi Kirembwe ni mtawala, na nchi yake ni ya watu waliopumbazwa wasihoji. Tukiikimbia kwa ajili ya jina, wanaotutania ndio tunaowapa haki.

Ugomvi wangu ni na mwalimu. Huyo msichana akiingia chumba cha mtihani ataandika Kipemba? Msahihishaji hana mzaha na sarufi. Wapeni Kaizari, wazoee Kiswahili kilichopimwa.

Mwalimu, Wete

Mwanangu, kuandika nitamfundisha, hiyo ndiyo kazi yangu. Kuacha kuona haya kusema mbele za watu sikumfundisha mimi, kamfundisha Bi Kitunda.

Kuhusu Giningi niko nawe dhidi ya mzee wetu, anisamehe. Hata hivyo mafumbo ya kile kitabu ni mazito, ningekiweka kidato cha sita.

Sasa tazama mwisho wa Kinjeketile. Vita vya Maji Maji, vya 1905 hadi 1907, vimewamaliza watu, Kinjeketile yuko kifungoni, anatakiwa aseme tu kwamba maji aliyowapa watu yawakinge na risasi yalikuwa uongo. Anakataa. Mvulana mmoja nyuma akasimama: "Mwongo huyu, kawaua watu na bado hataki kukiri!" Yule yule msichana akamjibu bila kugeuka: "Akikiri, watoto wa waliokufa wataambiwa baba zao walipigania nini?" Nikawakumbusha kuwa mwandishi mwenyewe ametanguliza neno kwamba huyu si Kinjeketile wa historia bali ni wa kubuni. Hawakunisikia. Kengele imelia, wamekwenda wakibishana mpaka kituo cha gari.

Kinachonikwaza kwa sasa ni nguo za askari. Mwenye kaki kuukuu, Wete au Konde, aniletee, hata kama imetoboka.