Naomba ushauri: makaa yasiyo na moshi nusura yatuue

Mwanzisha uzi:
Ndugu zangu, juzi usiku kulikuwa na baridi kali, nikaliingiza jiko la mkaa chumbani baada ya moshi kuisha na makaa kubaki mekundu, nikiamini kwamba pasipo moshi hapana hatari. Usiku wa manane mwanangu alitapika. Nilipoinuka, kichwa kilinigonga na magoti yakalegea, nikamtoa nje huku nimeshikilia ukuta. Hospitalini tuliambiwa kuwa ni sumu ya kaboni monoksidi. Hivi karibuni tutasafiri kwa gari na kulala katika nyumba ya kupanga ambayo maji ya kuoga hupashwa kwa gesi. Nifanye nini yasijirudie?

Mchangiaji wa kwanza:
Pole sana, na ashukuriwe Mungu kwamba mliamka. Gesi hii haina rangi wala harufu, na makaa huendelea kuitoa hadi yazimike kabisa. Ikifika kwenye damu hushikamana na himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo aliyelala anaweza kufariki bila hata kukohoa. Jiko la mkaa lisiingie chumbani kamwe, hata dirisha likiwa wazi. Jenereta nayo ikae nje, angalau mita 6 kutoka kwenye milango na madirisha; barazani hapatoshi.

Mchangiaji wa pili:
Kwa safari, nunua king'ora cha kaboni monoksidi kinachotumia betri, ukijaribu kabla ya kuondoka, kisha ukiweke chumba mnacholala. King'ora cha moshi hakifanyi kazi hiyo. Mkifika, hakikisha bomba la hita linatoa hewa nje na halijaziba. Ukiona masizi ukutani, au mwali wa manjano mahali pa bluu, usiiwashe. Msilale ndani ya gari injini ikiwa inanguruma, kwa kuwa ekzosi iliyotoboka au kuzibwa na tope huweza kuirudisha gesi ndani.

Mwanzisha uzi:
Nashukuru sana. Nina kipima oksijeni cha kidoleni; je, kinaweza kunionya?

Mchangiaji wa kwanza:
Hapana, tafadhali usikitegemee. Vipimo vya kawaida vya aina hiyo havitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksidi, kwa hiyo unaweza kusoma asilimia 98, yaani kiwango cha kawaida, huku mtu anazidiwa. Watu wawili wakiumwa kichwa na kuona kichefuchefu kwa pamoja bila homa, na wakapata nafuu wakitoka nje, shuku gesi hii mara moja. Tokeni wote, msirudi kufuata kitu chochote, piga simu ya dharura na uwaambie wahudumu unachoshuku ili damu ipimwe. Katika hewa ya kawaida, nusu ya gesi huchukua takriban saa 4 hadi 5 kutoka mwilini, lakini kwa oksijeni tupu ya barakoa muda huo hupungua hadi kama saa moja na nusu. Na huyo mtoto, ndugu yangu, mwangalie kwa wiki kadhaa: akianza kusahausahau au kubadilika tabia, mrudishe hospitalini, kwani athari nyingine huchelewa kujitokeza.