Makaburi ya vita Iringa mjini: mbona yote yanafanana, na wapagazi wetu wako wapi?

Mwl_Gangilonga: Wakuu habari zenu. Nilipeleka wanafunzi pale kwenye makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola hapa Iringa mjini, dogo mmoja akaniuliza "mwalimu, mkubwa wao ni yupi hapa?" maana amezoea kwetu mwenye hela anawekewa marumaru. Nilikosa jibu. Anayejua anisaidie.

Mzee wa Mafinga: Mwalimu, huyo mtoto ana jicho. Ile tume ya makaburi ya vita Waingereza waliianzisha 1917, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia bado inaendelea, na msimamo wao ulikuwa jenerali na kuruta wapate jiwe la aina moja, kipimo kama sm 81 kwa sm 38, likachongwa nembo ya kikosi, jina, cheo na tarehe ya kufa. Hata kusafirisha maiti nyumbani walikataza kwa sababu wenye uwezo tu ndo wangeweza, familia nyingi zililalamika sana, mpaka bungeni kwao wakabishana 1920. Ule msalaba mkubwa wenye upanga wa shaba alibuni Blomfield, msanifu majengo wa Kiingereza. Kwa kweli wazo lenyewe mi nalipenda.

Binti_Tukuyu: Shkamoo mzee. Zuri ndiyo ila huku kwetu hawakulifuata! Jeshi la Northey, jenerali wa Waingereza, lilivyotokea Nyasaland (Malawi ya leo) likafika Iringa 1916, mizigo nani alibeba? Wapagazi, tena wengi walichukuliwa kwa nguvu, wakafa kwa kuhara, malaria na njaa kuliko risasi, na wengi hawakuwekewa jiwe wala jina. Wakajengewa sanamu za jumla tu 1927, kama ile ya Askari pale Posta Dar. Tume yenyewe ilikuja kukiri 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Miaka mia imepita jamani, inaniuma sana.

Mzee wa Mafinga: Marahaba mwanangu. Hapo umesema kweli, usawa uliishia kwa wazungu.

Mwl_Gangilonga: Asanteni sana, Jumatatu nawaeleza yote haya. Halafu nawapa kazi, kila mmoja akaulize kwao kama kuna babu wa babu alichukuliwa upagazi, aandike jina, kijiji, na alikopelekwa kama wanakumbuka.

Binti_Tukuyu: Waambie waulize na bibi zao mwalimu, majina ya ukoo bibi ndo wanayo.