Naomba ushauri: kupanga ratiba ya kiwanda kipande kwa kipande

Wakuu, habari za kazi. Ni msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha ndoo za plastiki hapa Dar. Tuna mashine 4 na moldi 11 (vile vyuma vinavyoipa plastiki umbo la ndoo). Kubadilisha moldi moja ni saa 3 za winchi na spana, na ukitoka rangi nyeusi kwenda nyeupe unapoteza plastiki nyingi kusafisha mashine.

Nilijaribu kupanga wiki nzima kwa mkupuo nikakwama. Oda 8 tu kwenye mashine moja zina mipangilio 40,320! Sasa nagawa oda kwa ukubwa wa moldi kwanza, kisha kila mashine naipangia peke yake, rangi nyepesi ikitangulia. Imesaidia sana.

Kinachonitesa ni meza ya kufunga vishikio. Mashine zote zinaimwagia kwa pamoja, saa nane mchana ndoo zimerundikana hadi mlangoni. Kanuni ya Johnson ya mwaka 1954, ya kuchagua oda ipi itangulie ili kazi yote iishe mapema, naijua, ila ile ni ya mashine mbili zinazofuatana. Mimi nina 4 zinazolisha meza moja.

Je, nianze kuipangia meza, halafu nirudi nyuma kwenye mashine? Aliyewahi kufanya hivyo anisaidie tafadhali: oda ya haraka ikiingia katikati, unapanga upya wapi?