Diski ya bandia L4-L5, wiki ya 8: mgonjwa akiinama kiuno kinabaki ubao

Fizio_Mkoani:
Wakuu, habari za kazi. Mgonjwa mwanaume, miaka 41, kabadilishiwa diski ya L4-L5 (kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno) kwa kupitia tumboni. Maumivu ya mguu yameisha, na eksirei inaonyesha diski imekaa mahali pake. Shida ni kuinama: nyonga zinakunjika ila kiuno kimenyooka, na misuli ya kandokando ya uti imekaza kama kamba ya kuanikia nguo hata akifika mwisho. Tena analalamika mguu wa kushoto ni wa moto kuliko wa kulia. Nafikiria kumlaza kifudifudi ajisukume juu kwa mikono ili mgongo ulegee. Mnaonaje?

MfupaNaMsuli:
Hilo la kujisukuma juu liache kwanza. Ili diski ipite kwa mbele, daktari hukata kano ndefu ya mbele na ukuta wa mbele wa diski ya asili, na hivyo ndivyo vilivyokuwa vikizuia pingili zisiachame mtu akijipinda nyuma. Ukimpinda mapema, mzigo unahamia kwenye viungo vidogo vya nyuma, na sahani za chuma za diski hiyo ya bandia bado hazijashikana vizuri na mfupa. Katazo huwa wiki 6 hadi 12 kutegemea daktari. Muulize aliyempasua.

Bi_Mazoezi:
Nakubaliana. Na hata hivyo, sidhani tatizo ni diski. Mtu asiye na maumivu akiinama hadi mwisho, misuli ya mgongo huzima na mwili ukabaki unaning'inia kwenye kano. Aliyeumwa mgongo miaka mingi misuli yake mara nyingi haizimi, inaendelea kulinda, na chuma kipya hakifuti mazoea hayo. Kisu hakikupita nyuma, kwa hiyo usitafute kovu huko. Multifidasi, misuli ya ndani kabisa inayoshikilia pingili, ndiyo mara nyingi huwa imeshakonda na kuingia mafuta kabla ya upasuaji.

Pima kabla ya kutibu. Chukua futi ya fundi cherehani: alama ya kwanza katikati ya vishimo viwili vya juu ya makalio, nyingine sm 10 juu yake, nyingine sm 5 chini. Ainame. Zile sm 15 zikifika 20, kiuno kinakunjika. Zikiishia 17, kimegoma. Kupima vidole vinafika wapi hakusaidii, nyonga zitakudanganya.

Kama ameshapewa ruhusa ya kuinama: akae kitini, atoe pumzi taratibu huku akishusha kidevu, kisha kifua, kiuno mwisho. Mara 6, asubuhi na jioni, bila kulazimisha. Kisha apige magoti na kushika chini, anyooshe mkono na mguu wa upande tofauti, sekunde 5 hadi 10, mara 8 kila upande. Mlazie mti wa fagio mgongoni. Mguu ukipanda juu kuliko makalio, kiuno kinabonyea, na hapo umeshampinda nyuma bila kujua.

Fizio_Mkoani:
Asante sana dada. Na ule mguu wa moto?

MfupaNaMsuli:
Neva za simpathetiki, zile zinazobana mishipa ya damu, zinapita ubavuni mwa pingili, kwa mbele. Zikisukumwa wakati wa upasuaji, mishipa ya damu ya mguu hutanuka na ngozi ikapata joto. Mara nyingi hupungua yenyewe. Lakini gusa mapigo upande wa juu wa nyayo zote mbili, maana huenda ule wa kulia ndio baridi kwa kukosa damu. Pima pia mashavu ya miguu kwa futi hiyohiyo. L4-L5 haifikiwi kwa mbele bila kusogeza mshipa mkubwa wa kushoto unaorudisha damu, kwa hiyo shavu likivimba na kuuma, mpeleke akapigwe doppler (ultrasound ya mishipa ya damu) siku hiyohiyo kuangalia bonge la damu. Akishindwa kuzuia mkojo au akifa ganzi sehemu za siri, usingoje kesho.

Fizio_Mkoani:
Mapigo yapo pande zote. Swali la mwisho: anauliza lini atabeba ndoo ya maji.

Bi_Mazoezi:
Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, bado kabisa. Aanze na kidumu cha lita 3, akishike karibu na tumbo.