Naomba ushauri: nitaipata vipi asili ya bibi yangu?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Bibi mzaa mama alitutoka mwaka jana hapa Wete, Pemba. Hadi leo nikinusa karafuu mbichi namuona kakaa juu ya jamvi, anachambua makonyo (vijiti vya karafuu) huku akivuta kasida kwa sauti ya chini. Alisema babaake alikuja na jahazi kutoka Lamu. Zaidi ya hapo hakupenda kuulizwa. Kaacha cheti cha ndoa cha kadhi, kimeandikwa kwa hati za Kiarabu, mchwa wamekula pale penye jina la babu yake (bahati yangu!). Naambiwa niende Nyaraka za Taifa, Kilimani, Unguja. Nauli ya boti si mchezo. Aliyewahi kutafuta kumbukumbu za kadhi za kabla ya 1964, uliingia na nini mkononi? Au nianzie Lamu kwa wazee?